Jina Langu Kwenye Mlango wa Duka la Beti

Jumanne, 26 Machi 1974

Kodi imepanda tena! Kutoka sita hadi saba na nusu kwa kila mia. Narendra, mwenye duka, alikuwa ameinamia redio ya chumba cha nyuma kama daktari aliyeinamia kifua cha mgonjwa. Waziri wa fedha alipomaliza kipengele chetu, akaizima, akanigeukia.

"Bwana Walter, wametuchinja."

Nikamwambia hawajatuchinja, wametunyoa tu. Hakucheka. Nilicheka peke yangu, kama kawaida yangu.

Shida ni hii, naiandika ili niielewe mwenyewe. Kodi ya beti haitozwi kwenye faida ya duka. Inatozwa kwenye dau. Mtu akiweka pauni moja, serikali inakata fungu lake kabla farasi hajatoa mguu. Farasi ashinde, ashindwe, aanguke kwenye kizuizi cha kwanza avunjike shingo — serikali imeshakula, imeshapangusa mdomo. Sisi ndio tunabaki na farasi, na kujaribu kuifidia kwa kumkata mteja anaposhinda. Katika miaka yangu minane hapa sijaona serikali ikipoteza hata mbio moja.

Lakini mimi ni nani wa kulalamika? Kodi ndiyo iliyoniajiri. Oktoba 1966, ilipoanza, Mista Hodgetts ndiye alikuwa na hili duka. Mzee wa zamani, alipokea dau vichochoroni tangu kabla ya vita, hesabu zote kichwani. Kumbe kichwa kile hakikuwa na nafasi ya mbili na nusu kwa mia. Mimi nilikuwa nabeba vyuma kiwandani, mgongo umekwisha, mtihani wa uhasibu nimeanguka mara tatu — mara tatu! Wa nne niliogopa kujiandikisha. Akanipa karatasi ya mtu aliyeshinda farasi watatu mfululizo, nipige hesabu, nitoe kodi. Nikamjibu kabla hajawasha kiko chake. Tangu siku hiyo mimi ndiye mpiga hesabu wa dau, nyuma ya kioo, Kings Heath, hapa Birmingham.

Mke wangu Milka nilimwambia nimepata kazi katika ofisi ya mahesabu. Si uongo. Ni ukweli uliokatwa kodi.

Jumatano, 27 Machi

Harbhajan ametuaga. Kalasinga wa Nairobi, dereva wa basi, mteja wetu tangu siku ile aliposhuka kwenye ndege. Amesema kantini ya gereji yao kuna jamaa anapokea dau bila kodi yoyote.

"Kwenu nikishinda kumi, mtanikata peni sabini na tano. Kule napewa kumi yangu yote, na chai juu."

"Na akitoroka na kumi yako, utamshtaki wapi?"

"Kwani wewe nikushtaki wapi, Mzee? Hata kiti cha kunikalisha huna!"

Hapo alinipata. Sheria haituruhusu kumstarehesha mtu. Dirisha limezibwa rangi ili mpita njia asione ndani. Hakuna chai. Hakuna televisheni. Tunaruhusiwa kukidhi haja ya watu, lakini ole wetu tukiiamsha. Wazungu hawa! Wanataka mtu apoteze pesa zake akiwa amesimama wima, kwa huzuni, kama anayelipia faini.

Narendra aliposikia Harbhajan ameondoka alikaa juu ya kreti. Akasema miaka kumi na mitatu iliyopita serikali ilihalalisha maduka ili watu watoke vichochoroni. Sasa kwa kodi yake yenyewe inawarudisha vichochoroni. Harbhajan leo, kesho kumi.

Kisha akafunga mlango wa chumba cha nyuma. Nilijua kuna jambo. Mtu aliyekuwa na duka la vyuma Kisumu hafungi mlango saa za kazi bila sababu.

Jambo lenyewe: Mista Hodgetts anaacha mwisho wa Mei, kifua chake kimekataa. Narendra alinunua duka mwaka 1969, lakini kibali kimebaki kwa jina la Hodgetts. Mwaka jana Narendra aliomba kwa jina lake mwenyewe, mahakimu wakamkatalia kwa sababu alichelewesha kodi mara tatu. Hodgetts akiondoka, kibali kimekufa, na duka limekufa.

"Wewe iko jina safi, Bwana Walter. Kanisa iko. Mama nesi. Polisi hapana. Sasa mimi nifanye nini? Niombe kwa jina la nani, la paka?"

Nikamuuliza ni kazi gani hasa ya jina langu. Karibu hakuna, akasema. Sahihi chache. Tangazo dogo gazetini, tangazo dogo mlangoni wiki mbili, ili mwenye pingamizi aandike kwa karani wa mahakimu.

Tangazo gazetini! Mlangoni!

Nimesema nitafikiri. Nimerudi nyumbani kwa mabasi yangu mawili. Kings Heath iko kusini kabisa, Kingstanding kaskazini kabisa, mji mzima katikati. Watu hudhani nilikosa nyumba karibu na kazi. Hapana. Nilichagua umbali huo mwenyewe, kama mtu anayechagua koti la baridi.

Alhamisi, 28 Machi

Sikulala vizuri. Niandike wazi kinachoniogopesha, maana hapa hakuna wa kunisoma. Daftari hili ni kitabu cha zamani cha hesabu za duka, jalada jeusi. Milka hufikiri ni kazi ya ofisi na halifungui. Edah, binti yetu, hulisogeza tu anapotaka meza na kusema, "Dad, your sums." Ana miaka kumi na minne, Kiswahili anakielewa chote, hajibu hata neno moja.

Baba yake Milka alicheza karata kwenye machimbo ya dhahabu kule Kakamega, enzi zile kila mtu alidhani ana dhahabu chini ya kitanda. Usiku mmoja akapoteza shamba. Milka alikuwa na miaka sita. Anakumbuka mama yake akitoka nyumbani na chungu kichwani, chungu bado kina mboga ya moto. Kabla hatujaoana aliniambia mara moja, hakurudia tena: njaa atavumilia, ulevi ataupigia magoti, lakini kamari — siku hiyo atafunga mzigo wake, na asiulizwe anakwenda wapi.

Hilo la kwanza. La pili ni kamati.

Sisi ni waumini wa kanisa la Marafiki, Quakers, tangu Kaimosi. Kule kwetu Marafiki huimba mpaka mabati yanacheza. Hapa Birmingham Marafiki hukaa kimya saa nzima, na anayesukumwa na Roho ndiye husimama aseme. Milka alizoea kabla yangu. Mimi mwaka wa kwanza nililala. Basi mkutano wetu una kamati ndogo ya kupinga kamari, na katibu wake ni nani? Milka. Kila Ijumaa hununua gazeti la jioni, hukata kwa mkasi matangazo yote ya maduka ya beti, huyabandika kwenye karatasi, na Jumapili alasiri kamati huandika pingamizi.

Na mwandishi wa pingamizi? Mimi. Nina mwandiko mzuri.

Mwanzo barua zao zilijaa dhambi, na mahakimu hawasikilizi dhambi. Nikawafundisha. Andikeni mambo mawili tu, nikawaambia: kwanza, maduka yaliyopo yanatosha haja ya mtaa. Pili, mwombaji si mtu anayestahili. Mwaka jana tukamshinda mtu aliyetaka kufungua barabara kuu ya Kings Heath, hatua mia mbili kutoka kwetu. Mkutano ukashukuru kwa kimya kirefu. Narendra akashukuru kwa sanduku la jalebi! Akasema kanisa langu linamlindia biashara kuliko mbwa.

Nilizila zile jalebi. Tano.

Ijumaa, 29 Machi

Milka amefunga chakula cha mchana wiki nzima akimwombea mgonjwa mmoja. Kule wodini Jumatatu sista mkuu alipitisha kofia, kila nesi akatia peni kumi na kuchukua kikaratasi kilichokunjwa. Milka akafurahi sana. Akina mama wa Kaimosi hufanya hivyohivyo: mnachanga kidogo, kila mmoja anaokota jina, anamwombea mwenye jina wiki nzima bila kumwambia mtu. Hakujua Waingereza nao wanayo desturi hii.

Usiku, kabla ya kulala, amemtaja kwa sauti. "Na Bwana Red Rum, umtie nguvu miguuni, umvushe kila kizuizi."

Nilikuwa nimepiga magoti upande wa pili wa kitanda. Nikauma shuka.

Amesema baadaye jina lenyewe linamtia wasiwasi, huenda ni mlevi.

Ningemwambia. Lakini ningemwambiaje? Karani wa ofisi ya mahesabu anajuaje majina ya farasi wa mbio za kesho?

Jumamosi, 30 Machi

Siku ya mbio kubwa. Watu wa Kings Heath ambao mwaka mzima hawajui mlango wetu walipanga foleni mpaka kwa muuza samaki. Bibi vizee na vikapu. Kila mmoja anamtaka farasi yule yule aliyeshinda mwaka jana. Vidya, keshia wetu, alisema vidole vyake vimegeuka samawati kwa wino wa karatasi za dau.

Akashinda tena! Mzigo mzito kuliko farasi wote, akavuka kila kizuizi. Miguu ilitiwa nguvu kwelikweli.

Nimepiga hesabu za washindi saa tatu bila kunyanyuka. Tumelipa, tumelipa, tumelipa. Na kodi ya dau zote za leo bado tunadaiwa, hata za wale waliotufilisi. Narendra alikuwa akitembea nyuma yangu akisema kwa Kigujarati maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Saa kumi na mbili na nusu tukafunga. Akaniuliza kama nimefikiri.

Nikasema bado nafikiri. Akasema sawa, lakini nifikirie pia habari za Vidya, ana watoto watatu.

Nyumbani Milka amekaa sebuleni na koti lake la kazini hajalivua. Mbele yake bahasha. Pauni mbili na nusu, pesa zote za kofia ile.

"Baba Edah," akasema, "Bwana Red Rum ni farasi."

Jumapili, 31 Machi

Leo Milka amesimama mkutanoni. Dakika ya ishirini ya kimya. Nikasikia benchi likilia, nikadhani nimeshajulikana.

Akawaeleza yote. Kofia, kikaratasi, kufunga, maombi. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba ameomba kwa imani, amejibiwa, na sasa hajui amemkosea nani. Akaketi. Wale mabibi wa Kiingereza hawakutoa sauti hata kidogo, lakini benchi zima la mbele lilitikisika mabega.

Pesa amezitoa kwa kamati, kwa stempu na magazeti. Pauni mbili na nusu zilizotoka kwa farasi zitanunua stempu za kumpinga farasi. Natamani ningeweza kumsimulia Narendra na Milka hadithi hiyo katika chumba kimoja. Ni hadithi yangu nzuri kuliko zote, na sina pa kuisemea ila humu.

Kwenye basi akaniuliza, "Wewe mtu wa hesabu. Hizi pesa zilikuwa na kodi ya serikali? Nisije nikatoa sadaka ya wizi."

"Hazina," nikasema. "Mchango wa wafanyakazi wa mahali pamoja, tiketi zikiuzwa ndani tu na zote zikigawiwa kama zawadi, hautozwi. Kinachotozwa ni dau la dukani. Saba na nusu kwa mia, sasa."

Lilinitoka lote kwa pumzi moja. Kama mtoto anayesema jedwali la kuzidisha.

Milka alinitazama kuanzia kituo kimoja mpaka kingine.

"Umejulia wapi yote hayo?"

"Ofisini. Tunapitia mambo mengi."

Akageukia dirisha. Hakuuliza tena. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimetia sahihi.

Naandika hivyo kwa ufupi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mista Hodgetts alikuja mwenyewe, akikohoa, amevaa tai. Akasema nina uso mwaminifu. Nikatamani kumwambia uso huu umekodishwa miaka minane. Narendra alishika karatasi isipeperuke. Vidya alijifanya anahesabu chenji.

Nilikuwa na sababu nyingi za kukataa, na zote zilikuwa nzuri. Lakini jana, wakati wa chakula, nilikwenda mpaka kiwanda changu cha zamani kuuliza kazi. Kijana wa mlangoni aliniuliza nina miaka mingapi. Arobaini na tisa, nikasema. Akanionyesha rundo la vyuma, akaniomba ninyanyue kimoja, kwa adabu kabisa. Nilikinyanyua. Kukishusha ndiko kulikonishinda, sikuweza kunyooka, akanisaidia kwa mkono kama babu yake.

Fomu inauliza kama mwombaji yuko tayari kuapa mbele ya mahakimu. Sisi Marafiki hatuapi, husema kweli tu na neno letu hutosha. Nimeandika hivyo kwenye fomu: neno langu linatosha. Nimeliandika kwa mwandiko wangu ule mzuri.

Jumanne, 9 Aprili

Limebandikwa. Karatasi nyeupe mlangoni, maandishi meusi: Walter Kisia, wa Kingstanding, anaomba. Pingamizi zipelekwe kwa karani.

Sasa napitia mlango wa nyuma kama mwizi wa maziwa. Nilidhani mvua ingelifuta. Narendra amelifunika nailoni.

Harbhajan alipita leo, si kubeti, kututania tu. Akasimama mlangoni akilisoma kwa sauti, jina langu likasikika mpaka kwa muuza samaki. "Oho! Mzee Walter! Tangu lini umekuwa tajiri? Sasa nikushtaki wapi? Anwani ninayo!"

Nilicheka. Kweli nilicheka. Halafu nikaenda chooni nikakaa.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Leo sheria imefunga maduka yote ya beti nchini. Siku ya pekee ambayo mimi na Milka tuna likizo moja.

Alipika wali na samaki. Edah alimuuliza mama yake kwa Kiingereza kwa nini kamati haipingi pia bingo ambayo bibi wa jirani anaipenda. Milka akajibu kwa Kiswahili kwamba hata bingo inapingwa, ila huyo bibi apelekewe keki kwanza. Tulicheka wote watatu. Nikawatazama, nikawaza, sema sasa. Mdomo wazi, wali ndani. Milka akaniuliza kama kuna mwiba umenikwama.

Nikasema ndiyo. Akanipa ugali mkavu wa jana niumeze.

Jumatano, 17 Aprili

Tangazo la gazeti litatoka Ijumaa. Narendra amenionyesha risiti.

Nimemuuliza kama anaweza kuliweka kwenye gazeti lingine, la mji mwingine, Wolverhampton kwa mfano. Akasema sheria inataka gazeti la watu wa hapa. Nikamuuliza kama herufi zinaweza kuwa ndogo. Akanitazama kwa huruma, Narendra! Mtu ambaye hajawahi kumhurumia hata mteja aliyekosa peni moja.

"Bwana Walter, mama hajui?"

Nikaikunja risiti mara mbili.

"Miaka minane?"

Nikaikunja mara ya tatu.

Akasema Rajni, mke wake, naye anadhani duka linapata faida. Tukakaa wawili juu ya kreti mbili, mpaka mbio za saa nane na nusu zikaanza.

Ijumaa, 19 Aprili

Niliomba ruhusa ya kutoka mapema. Nikashuka basi Kingstanding kabla ya saa kumi na moja. Duka la magazeti la kona yetu lilikuwa na nakala sita za gazeti la jioni. Nikanunua zote sita. Muuzaji akaniuliza kama nimepata mtoto, au kuna ndugu amekufa. Nikasema vyote viwili.

Tano nikazitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Ya sita nikaifungua nikisimama pale pale. Ukurasa wa kumi na tatu. Lipo. Katikati ya tangazo la duka la beti la Shard End na tangazo la klabu ya bingo. Jina langu lote, halijakosewa hata herufi. Miaka yote hapa hakuna Mzungu aliyewahi kuandika Kisia sawasawa — leo ndiyo!

Nikaichana ile karatasi, nikaimeza? Hapana. Nilifikiria. Nikaitia mfukoni.

Nyumbani saa kumi na mbili Milka akaingia kutoka zamu. Gazeti chini ya kwapa. Amelinunua hospitalini. Kibanda kilikuwa nalo tele, amesema, na huku kwetu ajabu, limekwisha lote.

Hajalifungua. Miguu inamuuma. Ameliweka juu ya kabati la vyombo, mkasi juu yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi nililitazama lile gazeti nikinywa chai. Milka alikuwa bafuni. Hatua tatu tu. Mkasi wenyewe uko juu yake.

Sikuligusa. Nataka kuandika kwamba ilikuwa ni uaminifu. Ilikuwa ni woga. Angeuliza nani amekata, na nyumba hii ina watu watatu, mmoja akiwa na mkasi wake, mwingine hasomi gazeti.

Dukani siku nzima nilikosea hesabu mara mbili. Haijawahi kutokea. Mteja mmoja nilimlipa bila kukata kodi. Alirudi mwenyewe kuniambia! Nikamwambia abaki nazo, serikali haitalia.

Nimerudi. Gazeti liko pale pale, lakini mkasi umehama. Uko upande wa kushoto. Milka anapika, anaimba wimbo wa Kaimosi, taratibu. Ubeti wa kwanza tu, anaurudia, anaurudia.

Jumapili, 21 Aprili. Alasiri

Naandika jikoni, mezani. Milka amekaa mbele yangu. Anadhani naandika barua, au anajifanya anadhani. Kalamu inakwenda, hilo ndilo analoona. Nikisimamisha kalamu atauliza.

Ilikuwa hivi. Mkutanoni leo hakuna aliyesimama. Saa nzima kimya. Kamati ikaahirishwa, wawili wana mafua, kwa hiyo Milka akasema sisi wawili tutamaliza nyumbani. Baada ya chakula akaleta karatasi, gundi, na vipande vitatu. Alikuwa ameshavikata.

Cha kwanza, klabu ya bingo. Alisoma kwa sauti, jina na anwani, nikaandika pingamizi. Cha pili, Shard End. Akasoma kwa sauti, nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa ule ule mzuri.

Cha tatu hakukisoma. Alikitia gundi nyuma, akakibandika katikati ya karatasi, akakandamiza pembe zote nne kwa kidole gumba, moja moja, kama anavyofunga bandeji. Akakisogeza mbele yangu.

"Hili la Kings Heath," akasema. "Hili andika mwenyewe."

Kisha akaweka mikono mapajani na kukaa vile tunavyokaa mkutanoni.

Nimeandika: Kwa Karani wa Mahakimu. Nimeandika tarehe. Nimeandika kwamba maduka yaliyopo yanatosha haja ya mtaa, jambo ambalo ni kweli, najua idadi ya wateja tuliopoteza. Nimeandika: Pia tunaona mwombaji si mtu anayestahili, kwa sababu — Hapo ndipo huwa naacha nafasi, na kamati hunipa sababu. Hapo ndipo nilipochukua daftari hili na kuliweka juu ya barua.

Edah amechungulia mlangoni kuuliza kama kuna chai. Mama yake ameinua kidole kimoja. Edah ametazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi chumbani, akafunga mlango kwa upole mno. Binti yangu hafungi mlango kwa upole.

"Umefika wapi?" Milka ameuliza.

"Kwenye sababu."

"Ni nyingi?"

"Natafuta maneno. Kiingereza cha mahakimu ni kigumu."

Nje mtoto wa jirani anapiga mpira ukutani, anapiga, anapiga.

"Basi acha Kiingereza," amesema. "Andika kwa Kiswahili. Mahakimu watangoja."

Nimemwambia ndiyo, naandika, hivi naandika. Ametia mkono mfukoni mwa sweta, ametoa miwani yake ya kusomea. Anaifuta kwa pindo la gauni. Ameivaa. Anatazama daftari.